Joho la Pili

Sisi tunaozungumza nanyi jioni ya leo ni mume na mke. Mtatusikia tukisema "mama" na "baba", msishangae, ndivyo watoto wetu wanavyotuita, na tulipokuwa tukiandika maongezi haya mezani tuliona ni afadhali hivyo kuliko mmoja kusema "mimi" na mwenzake kumkatiza aseme "la, ni mimi."

Jambo tunalotaka kuwaeleza lilikaa nyumbani mwetu kwa miezi minne, tangu Januari mpaka mwisho wa Aprili mwaka 2025. Mama alikuwa na shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, ile ambayo wengi huiita MBA. Aliipata mwaka 2015. Sasa akataka ya pili. Si ya udaktari, hasha. Ya uzamili tena, ya biashara tena, safari hii ya mambo ya fedha na uwekezaji. Je, aende au asiende?

Twajua kwamba swali hili laonekana dogo kwa msikilizaji ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani leo kwa ajili ya karo. Tulipoombwa kulizungumza tuliona haya. Lakini katika makanisa yetu, hasa ya mjini, wako wengi wanaolala na swali hili wakaamka nalo, wala hawalipeleki kwa mchungaji, maana wanadhani si jambo la kuombewa. Watu huombea ugonjwa na safari. Nani ataomba juu ya fomu ya chuo?

Chanzo chake kilikuwa hiki. Mama hufanya kazi katika ofisi ya hesabu ya shirika moja, ambalo hatutalitaja. Mwaka 2021 kiti cha mhasibu mkuu kilibaki wazi, naye alikuwa naibu. Akaomba, akapewa mtu wa nje. Mwaka 2024 mtu yule akaondoka. Mama akaomba tena, na tena kiti kikapewa mwingine, kijana aliye mdogo wake kwa miaka minane. Siku hiyo alirudi nyumbani akapika, akapakua, akala, akaosha vyombo, asiseme neno. Watoto walipolala ndipo aliposema, "Baba watoto, wanasema yule kijana ana shahada mbili za uzamili." Baba akajibu, "Basi na wewe utapata ya pili."

Hivyo ndivyo tulivyoamua, ndugu zetu. Hatukuuliza neno, hatukuhesabu shilingi. Tuliomba, ndiyo, usiku uo huo. Lakini maombi yetu yalikuwa kama kumpelekea Mungu fomu iliyokwisha kujazwa, tukitaka aweke sahihi tu. Na kwa upande wa baba kulikuwa na jambo jingine aliloliungama baadaye sana. Yeye ni mwalimu wa shule ya upili mwenye shahada moja, na alipenda kusikia mchungaji akitangaza kanisani majina ya waliofuzu, na mkewe akisimama amevaa joho, na watu wakipiga makofi. Makofi yale alikuwa akiyahesabu kama yake.

Chuo kilitaka karibu shilingi 600,000 kwa kozi nzima, pamoja na ada za mitihani na za kusimamiwa tasnifu. Pesa hizo hatukuwa nazo. Mama ni mwanachama wa Sacco ya kazini, basi tukachukua fomu ya mkopo. Riba yao ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya deni lililobaki, na kwa masikio hiyo ni riba ndogo. Tulipoketi na kalamu tuliona hivi: shilingi 600,000 kwa miezi 48 ni kulipa kama shilingi 15,800 kila mwezi, na ukijumlisha yote utakuwa umelipa kama shilingi 758,000. Zile 158,000 za juu ni riba tupu. Tukatazama karatasi ya mshahara ya mama. Ushuru wa nyumba, asilimia 1.5. Mchango wa bima ya afya, ambao tangu Oktoba 2024 ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, hali ule wa zamani ulikuwa na kikomo chake. Kodi ya mapato, pensheni, na mkopo mwingine wa kumalizia nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 haikubali makato yapite theluthi mbili za mshahara, na baada ya kuongeza mkopo huu tungekuwa tumebakisha nafasi ya kupitisha unyoya tu. Tena kati ya miezi hiyo 48 msichana wetu wa kwanza angeingia chuo kikuu. Tungekuwa na wanafunzi wawili wa chuo chini ya paa moja, na mama mzaa baba kule Murang'a anahitaji dawa za sukari kila mwezi, kozi iwepo isiwepo.

Hata hayo hayakuturudisha nyuma. Twasema hivi kwa sababu wengine hudhani mtu akifanya hesabu tu atakuwa na busara. Sisi tulifanya hesabu, tukaiona ni mbaya, tukaendelea.

Kilichotusimamisha ni wadhamini. Sacco ilitaka wanne. Watatu walikuwa wakubwa wa ofisi, watu wenye akiba nene. Wa nne alikuwa mama mmoja mfagiaji wa ofisi zile zile, ambaye pia twaabudu naye. Tulikwenda kwake Jumapili alasiri. Alitukaribisha chai, akatafuta miwani yake, akatia sahihi pale alipoonyeshwa. Hakutuuliza tunakopa kwa ajili ya nini. Akiba yake ilikuwa imeandikwa pale kwenye fomu, nasi tuliiona: shilingi 94,000, alizoziweka kidogo kidogo kwa miaka kumi na mmoja.

Tuliporudi nyumbani hatukuzungumza. Wasikilizaji mnaojua mambo ya Sacco mwafahamu kwamba mkopaji akishindwa, akiba ya mdhamini ndiyo inayoshikwa. Kitabu cha Mithali kinamwonya mtu zaidi ya mara moja asijifunge kwa deni la mwingine, na siku zote tumelisoma onyo hilo kwa upande wa mdhamini, tukisema, mdhamini awe mwangalifu. Usiku ule tulilisoma kwa upande wa mkopaji. Mtu yule hakuwa mjinga. Alituamini. Na sisi tulikuwa tumeichukua imani yake tukaiweka rehani kwa ajili ya kitu ambacho, kama angetuuliza kwa nini twakitaka, tusingekuwa na jibu la kumpa.

Hapo ndipo tulipoanza kuulizana kwa kweli. Swali la kwanza lilikuwa jepesi hata lilitutia aibu. Ni nani aliyesema kwamba mama alikosa kazi kwa kukosa shahada ya pili? Hakuna aliyesema. Tulisikia tu kwamba aliyepewa anazo mbili, tukaunganisha mambo hayo wenyewe. Mama hakuwahi hata siku moja kwenda kuuliza. Basi akajikaza akaenda kwa afisa wa utumishi, akamwambia, "Mzee, sikuja kulalamika. Nataka kujua nilipungukiwa na nini." Yule mzee akafungua faili, akamwonyesha tangazo la kazi. Lilisema wazi kwamba mwombaji awe mwanachama aliyeandikishwa wa taasisi ya wahasibu. Kijana yule alikuwa amemaliza CPA na kuandikishwa. Mama hakuwa ameandikishwa. Ile shahada yake ya pili kweli alikuwa nayo, lakini kamati haikuwa na haja nayo.

Na tangazo lile mama alikuwa amelisoma. Alikuwa amelisoma mara mbili, mwaka 2021 na mwaka 2024, na mara zote mbili macho yake yaliupita mstari ule. Alianza CPA akiwa msichana, akaiacha sehemu ya pili alipojifungua mtoto wa kwanza. Baadaye, alipopata nafasi ya kusoma tena, alichagua MBA. Atueleze mwenyewe ni kwa nini: madarasa ya jioni pamoja na watu, walimu wa kukupa alama, sherehe mwishoni. CPA ni kujifungia peke yako na karatasi ambayo yaweza kukuangusha, na mtu akirudia karatasi iliyomwangusha hakuna anayempigia vigelegele kanisani.

Labda wako wasikilizaji wasiojua tofauti ya vitu hivi viwili, basi tuieleze. MBA ilianzia Marekani, Chuo Kikuu cha Harvard kilipoanza kuitoa mwaka 1908. Imefanywa hasa kwa mtu aliyesomea jambo jingine, uhandisi au ualimu au uuguzi, ambaye sasa anapewa watu na pesa kuvisimamia. Hufundisha kidogo kidogo cha kila kitu: hesabu, fedha, masoko, usimamizi wa watu, mipango ya mbele. Ni elimu nzuri, nasi hatuidharau. Lakini haikupi ruhusa ya kisheria ya kufanya kazi yoyote, na hakuna sheria katika Kenya inayomzuia mtu kufanya biashara kwa kuikosa. Uhasibu ni jambo jingine. Katika nchi yetu uandikishaji wa wahasibu husimamiwa na Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008. Taasisi yao, ICPAK, ilianzishwa mwaka 1978, na mitihani yao hutungwa na KASNEB, iliyoanza mwaka 1969. Mlango huo una ufunguo mmoja. Waweza kusimama nje yake na shahada tatu mkononi.

Kuna jambo jingine tulilojifunza, ambalo lingetufaa sana kulijua mapema. Nchi yetu ina utaratibu wa ngazi za vyeti, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014. Shahada ya kwanza iko ngazi ya 7, stashahada ya baada ya shahada ngazi ya 8, uzamili ngazi ya 9, na udaktari ngazi ya 10. Mtu mwenye uzamili akichukua uzamili wa pili yuko ngazi ya 9, na alikuwa ngazi ya 9. Anaweza kuwa ameongeza maarifa, lakini hajapanda ngazi. Tuliziweka orodha za masomo mezani, ile ya mwaka 2015 na hii mpya, tukapiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya yanayofanana. Katika masomo kumi na mawili, saba mama alikwisha kuyafanya, jina likiwa limebadilika kidogo hapa na pale. Tungelipa kwa miaka minne ili asome tena zaidi ya nusu ya kile alichokwisha kukisoma. Vyuo kadhaa vya Marekani, twaambiwa, havimpokei kabisa kwenye MBA mtu ambaye tayari anayo. Huku kwetu ukileta ada utapokewa.

Msituelewe vibaya. Baba ni mwalimu, na mwalimu hawezi kusimama redioni awaambie watu wasisome. Tunamjua ndugu mmoja, tuliyeimba naye kwaya, ambaye alikuwa na MBA kisha akachukua uzamili wa pili, wa ununuzi na ugavi, naye alifanya vema. Alikuwa msimamizi katika hospitali. Dawa zilikuwa zikiisha ghalani, wagonjwa wakirudi nyumbani mikono mitupu, naye hakujua namna ya kupanga maagizo wala ghala. Katika MBA yake jambo hilo lilikuwa limeguswa kwa majuma mawili tu. Mwajiri alimlipia nusu ya ada na kumwekea nafasi yake. Alijua anakwenda kutafuta nini, na alipokipata alirudi akakitumia. Kuna pia yule ambaye chuo alichosomea hakikuidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na kwa huyo cheti cha pili kwa kweli ndicho cha kwanza. Na kuna anayesoma kwa sababu anapenda kusoma, kama mwingine apendavyo kulima maua. Huyo hana kosa, mradi aseme hivyo kwa mwenzi wake, na atumie pesa zake mwenyewe pasipo kuigusa akiba ya mfagiaji.

Sasa tuje kwenye jambo lililotuuma kuliko yote. Wengi mmesikia mahubiri juu ya mfano wa talanta, na mara nyingi mfano huo hutumiwa kumsukuma kijana aongeze elimu: usiridhike, ongeza. Sisi wenyewe tuliutumia hivyo mezani petu. Lakini utazameni tena vizuri katika Mathayo sura ya 25. Wale waliopata zaidi hawakwenda kwa bwana wao kuomba talanta nyingine. Walifanya biashara na zile walizokuwa nazo. Anayeonywa ni yule aliyechimba ardhini akaificha ile moja.

Baba, kwa namna yake ya kimwalimu, akauliza, "Ile ya mwaka 2015 iko wapi?" Mama akadhani anauliza cheti, akasema kiko sandukuni. Kisha tukanyamaza wote wawili.

Maana tasnifu ya mama ya mwaka 2015 ilihusu jinsi vikundi vya akina mama vya kuweka akiba vinavyoandika hesabu zao. Alizunguka vikundi ishirini, akaandika kurasa sabini, akapewa alama nzuri. Na mwaka 2019 kikundi cha akina mama cha kanisa letu kilivunjika kwa sababu ya hesabu mbaya. Hakuna aliyeiba, kwa kadiri tujuavyo. Daftari lilikuwa limeandikwa na watu watatu kwa namna tatu, na mwisho hakuna aliyejua nani amelipa na nani hajalipa. Wajane waliokuwa wakitegemea zamu yao hawakuipata. Watu waliojuana tangu ujana waliacha kusalimiana mlangoni mwa kanisa. Na siku ya mkutano ule wa mwisho sisi wawili tulikuwepo, tumeketi kiti cha nyuma kabisa, mmoja wetu akiwa na shahada ya uzamili katika jambo lile lile. Hatukufungua kinywa. Tulidhani kazi hiyo si ya kiwango chetu. Mtu aliyesomea mikakati ya mashirika makubwa angekwendaje kupiga mistari kwenye daftari la shilingi mia mbili mia mbili?

Twawaambia haya kwa huzuni. Mmoja wa wajane wale amekwisha kufariki, na hatuna namna ya kulirudisha jambo lile.

Basi mwishoni mwa Aprili tuliirudisha fomu ya Sacco. Tulikwenda kwanza kwa yule mama mfagiaji kumweleza kwamba hatutakopa tena. Alishtuka, akauliza kama kuna ugonjwa nyumbani. Tulipomwambia ilivyokuwa, kwamba tulitaka shahada nyingine, alicheka kidogo, akasema, "Mimi nilidhani ni karo ya watoto." Hakusema zaidi, wala hakuhitaji kusema.

Mama alijiandikisha upya kwa CPA. Ada ya karatasi hizo tunailipa kutoka mshahara wa kila mwezi, bila mdhamini. Siku za Jumamosi, saa nane mchana, huketi na akina mama saba waliokubali kuanza kikundi upya. Zamani walikuwa thelathini na wawili, na wengi wao bado hawataki kusikia habari zake. Daftari ni moja, mwandikaji ni mmoja, na kila mtu hutia sahihi mbele ya jina lake siku anapolipa. Ni jambo dogo ambalo tasnifu ile ilikuwa imelisema katika ukurasa wa hamsini na kitu.

Kiti cha mhasibu mkuu bado kina yule kijana. Ni mtu mwema, tena anaijua kazi, na yaelekea atakaa humo muda mrefu. Kwa hiyo msidhani tumekuja kuwasimulia jinsi Bwana alivyompa mama cheo. Hajampa. Kuna siku mama hurudi nyumbani na uso ule ule wa mwaka 2024, na baba hujua, siku hizo, kwamba afadhali yeye ndiye apike.

Fomu ya chuo hatukuichana. Imo sandukuni pamoja na cheti, na huenda siku moja, watoto wakiisha kusoma, tukaitoa tukaitazama tena kwa macho mengine. Baba angali anapenda joho.

Katika mitihani ya mwaka jana mama alipita karatasi mbili na moja ikamwangusha, ile ya kodi. Ameiandikia tena, na akitoka hapa studio atakwenda kuifungua, maana mtihani umekaribia. Mkumbukeni katika maombi yenu usiku wa leo.